Dona Antónia Ferreira: mjane aliyesimama na mizabibu ya milima ya Douro

Tarehe 26 Machi 1896, Antónia Adelaide Ferreira alifariki dunia nyumbani kwake Peso da Régua, kaskazini mwa Ureno, akiwa na umri wa miaka 84. Alikuwa akimiliki mashamba ya mizabibu zaidi ya 20 katika bonde la mto Douro, na wakazi wa bonde hilo walikuwa wamekwisha kumpa jina la mapenzi, Ferreirinha, yaani Ferreira mdogo. Jina hilo lingali linasomeka kwenye chupa za mvinyo hadi leo. Nusu karne kabla ya hapo, mali ya ukoo ilipomwangukia mikononi, wachache wangetabiri kwamba ingedumu. Alikuwa mjane mwenye watoto wadogo, na biashara ilikuwa imelegea kutokana na matumizi makubwa ya marehemu mumewe.

Maisha yake yanasimuliwa nchini Ureno kama hadithi ya mwanamke shujaa. Yanaweza pia kusomwa kama maelezo ya namna shamba la ukoo linavyoendeshwa mlimani, mahali ambapo ardhi haitoi kitu bila kuchongwa na ambapo faida ya kazi ya leo huenda ikaonwa na wajukuu.

Mlima uliochongwa kwa mikono

Bonde la Douro halikuumbwa kwa kilimo rahisi. Kuta zake ni miteremko mikali ya mawe ya shisti, mwamba wenye tabaka nyembamba unaopasuka kama kurasa za kitabu. Udongo ni haba. Wakati wa kiangazi joto huwa kali, na majira ya baridi hukausha mifupa. Ili kupanda mzabibu, wakulima walilazimika kuuvunja mwamba, kuyapanga mawe kuwa kuta bila saruji, kisha kujaza nyuma ya kila ukuta vipande vya mawe na udongo kidogo. Yakatokea matuta ya ngazi yanayopanda kutoka ukingo wa mto hadi juu ya mlima. Msomaji aliyekulia kwenye vilima vya Rwanda au Burundi hahitaji kuelezwa sana: anajua kwamba tuta moja likibomoka kwa mvua, la chini yake nalo limo hatarini.

Mzabibu, hata hivyo, huvumilia mahali ambapo nafaka hushindwa. Mizizi yake hupenya katika nyufa za shisti na kuyafuata maji kwa kina kirefu, nayo mawe huhifadhi joto la mchana na kulitoa usiku. Zabibu zinazopatikana huwa ndogo, nyeusi na zenye sukari nyingi.

Mavuno huanza mwezi Septemba. Enzi za Dona Antónia, wanawake walikata vichala, na wanaume waliteremka na vikapu vizito mgongoni hadi kwenye mabirika mapana ya mawe. Humo watu walisimama kwa safu, wakashikana mabega na kuzikanyaga zabibu kwa miguu kwa saa nyingi. Juisi ilipoanza kuchachuka na kabla sukari yote haijageuka kuwa kileo, ilichanganywa na brandi. Uchachu ulikoma, utamu ukabaki. Huo ndio mvinyo wa Porto, ulioitwa kwa jina la mji ulio karibu na mdomo wa mto, ingawa zabibu zake hukua mbali kule juu bondeni.

Majira ya kuchipua yalipowadia, mapipa ya takriban lita 550 yalipakiwa kwenye mashua za chini bapa zenye kasia refu la usukani nyuma, yakateremshwa kupitia maporomoko hadi kwenye maghala ya Vila Nova de Gaia, ng'ambo ya mji wa Porto. Biashara ya kuuza nje kwa kiasi kikubwa ilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara Waingereza. Serikali ya Ureno, chini ya waziri aliyekuja kujulikana kama Marquis wa Pombal, ilikuwa imeweka mipaka rasmi ya eneo la mvinyo tangu mwaka 1756 na kusimika nguzo za mawe ya matale kuionyesha. Hata hivyo, mkulima mdogo wa mlimani aliendelea kutegemea bei iliyoamuliwa na watu wa mjini.

Binti wa ukoo, mke wa ukoo

Antónia alizaliwa tarehe 4 Julai 1811 katika kijiji cha Godim, jirani na Peso da Régua. Ukoo wa Ferreira ulikuwa katika kilimo na biashara ya mvinyo tangu mwaka 1751. Mwaka 1834 aliolewa na binamu yake, António Bernardo Ferreira, na kwa ndoa hiyo matawi mawili ya ukoo yakaunganishwa, pamoja na mashamba yao. Miongoni mwa mali za upande wa mume lilikuwamo shamba la Vesúvio, lililoko juu sana bondeni, ambalo baba mkwe wake alilinunua mwaka 1823 na kuligeuza kutoka pori kuwa mizabibu.

Mume hakuwa na mapenzi ya baba yake kwa mawe na mizabibu. Alipendelea maisha ya kifahari ya mjini, na fedha za mlimani zikateremka na maji. Mwaka 1844 alifariki dunia jijini Paris. Antónia alibaki na mtoto wa kiume, aliyeitwa António Bernardo kama baba na babu yake, na binti, Maria da Assunção.

Mjane wa hali yake alitarajiwa kufanya moja kati ya mambo mawili: kuuza, au kukabidhi kila kitu kwa wanaume wa ukoo naye akaishi kwa posho. Yeye alichagua kubaki kichwa cha nyumba. Alimtegemea sana msimamizi wake, Francisco José da Silva Torres, mtu aliyeijua kazi ya shamba na hesabu zake, lakini maamuzi makubwa yalikuwa yake. Alitembelea mashamba, akafuatilia ujenzi wa kuta na upandaji, akajulikana kwa majina na wafanyakazi wake.

Ghala kama benki

Tatizo la kwanza la shamba la mvinyo ni muda. Mzabibu mpya huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa zabibu zinazofaa. Mvinyo wa Porto nao hukaa katika mapipa ya mbao kwa miaka, mingine kwa miongo. Katika kipindi chote hicho vibarua wanadai ujira, kuta zinabomoka na mapipa yanavuja. Kwa sababu hiyo mkulima mdogo huuza mapema, mara nyingi kwa bei ya huzuni, na faida ya uzee wa mvinyo humwendea mwenye ghala.

Dona Antónia alilielewa jambo hilo na akalitumia. Alijenga akiba kubwa ya mvinyo. Katika miaka ya mavuno mengi, bei iliposhuka hadi wakulima wakakata tamaa, alinunua mvinyo wa majirani zake na kuuweka. Mavuno yalipopungua na wanunuzi wakaanza kutafuta, alikuwa nao wa kuuza.

Wengine wameuita huo wema, wengine hesabu nzuri. Yote mawili ni kweli, wala moja halifuti jingine. Mkulima aliyeuza kwake mwaka wa shida aliweza kulipa vibarua na kukata matawi ya mizabibu yake majira yaliyofuata. Naye Dona Antónia alipata mvinyo kwa bei nafuu. Alijua pia kwamba mlima ambao majirani wameuhama ni mlima mbovu kwa kila mtu, kwa kuwa tuta lisilotunzwa hubomokea shamba la pili, na ugonjwa wa mzabibu mmoja hauheshimu mpaka.

Binti aliyenyimwa wakubwa

Utajiri wake ulivuta macho ya wenye mamlaka. Duke wa Saldanha, mwanajeshi aliyekuwa akiongoza serikali ya Ureno katika miaka ya 1850, alitaka mwanawe amwoe Maria da Assunção, mrithi wa sehemu kubwa ya mali hiyo. Binti alikuwa bado mtoto wa miaka 11 hivi. Mama alikataa, kwa hoja kwamba umri haujafika na kwamba binti atachagua mwenyewe wakati utakapowadia.

Kumkatalia mkuu wa serikali halikuwa jambo jepesi. Inasimuliwa kwamba watu walitumwa kumchukua binti kwa nguvu, na kwamba mama na mtoto walitoroka wakiwa wamevaa nguo za wanawake wa kijijini, wakavuka mpaka kuingia Uhispania. Kutoka huko walifika London. Katika safari hiyo Dona Antónia aliacha nyuma mashamba, mavuno na maghala, akitegemea waaminifu wake kuyalinda. Kwa mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa katika ardhi, hiyo ndiyo bei aliyokubali kulipa ili mwanawe asigeuzwe sehemu ya mkataba.

Akiwa huko London, mwaka 1856, aliolewa kwa mara ya pili. Mume alikuwa Torres, msimamizi wake wa miaka mingi. Watu wa tabaka la juu huenda walitazamia aolewe na mwenye cheo. Yeye alimchagua aliyejua mizabibu. Baadaye walirejea Ureno kuendelea na kazi, naye Maria da Assunção hatimaye akaolewa na mtu wa nasaba, Count wa Azambuja, akiwa amekwisha kukua.

Maji ya Valeira

Mto uliobeba mvinyo ulibeba pia mauti. Tarehe 12 Mei 1861 Dona Antónia alikuwa akiteremka kwa mashua kutoka Vesúvio pamoja na wageni wake. Mmoja wao alikuwa Joseph James Forrester, mfanyabiashara wa mvinyo mzaliwa wa Uingereza aliyechora ramani mashuhuri za bonde la Douro na kupewa cheo cha baroni na mfalme wa Ureno. Forrester alikuwa pia mpinzani wa desturi ya kuchanganya mvinyo na brandi, jambo lililomletea maadui wengi katika biashara hiyo.

Kwenye mlango mwembamba wa Valeira, mahali ambapo mto hubanwa kati ya majabali, mashua ilipinduka. Forrester alizama na mwili wake haukupatikana. Dona Antónia aliokoka. Wenyeji husimulia kwamba sketi zake pana za mtindo wa wakati huo zilishika hewa na kumwelesha, ilhali Forrester alivutwa chini na mkanda wake uliojaa fedha. Masimulizi hayo yamepambwa kwa miaka mingi, lakini kifo cha Forrester na kuokoka kwa mwenyeji wake ni mambo yaliyothibitishwa.

Mdudu kwenye mizizi

Pigo kubwa zaidi halikutoka mtoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 mizabibu ya Douro ilishambuliwa na ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaofunika majani na zabibu kwa vumbi jeupe. Dawa ilipatikana: unga wa salfa, unaonyunyizwa juu ya mmea. Wakulima walipoanza tu kupumua, katika miaka ya 1860 alitokea adui asiyeonekana juu ya ardhi.

Filoksera ni mdudu mdogo jamii ya vidukari, aliyefika Ulaya kutoka Amerika Kaskazini pamoja na miche ya mizabibu. Hufyonza mizizi. Mzabibu wa Ulaya, usio na kinga, huanza kunyauka, na ifikapo wakati mkulima anang'amua, mdudu amekwisha kuhamia mmea wa jirani. Katika bonde la Douro matuta yaliyochongwa kwa vizazi yalikauka moja baada ya jingine. Wengi waliyaacha na kuondoka, baadhi yao wakielekea Brazil. Kuta tupu za wakati huo zinaonekana bado katika sehemu za bonde, zikiwa zimemezwa na vichaka, na Wareno wanaziita kwa neno linalotokana na kifo.

Tiba mbalimbali zilijaribiwa, ikiwamo kudunga kemikali ardhini, kazi ghali na ya hatari isiyoleta nafuu ya kudumu. Jibu lililodumu lilitoka kulekule alikotoka mdudu. Mizabibu ya Amerika ilikuwa imezoea kuishi naye na mizizi yake ilistahimili. Kwa hiyo wakulima walipanda shina la Kimarekani na kulibebesha kikonyo cha mzabibu wa Ulaya. Chini mizizi migeni, juu zabibu zilezile za zamani.

Kuieleza njia hiyo ni rahisi, kuitekeleza mlimani ni jambo jingine. Maana yake ilikuwa kung'oa kila mzabibu, kutengeneza upya matuta, kununua mashina, kubebesha mmea mmoja mmoja na kusubiri miaka bila mavuno. Mwenye shamba dogo alikuwa hana akiba ya kusubiri nayo. Dona Antónia alikuwa nayo, katika mapipa. Alipanda upya, akaendelea kuwapa watu vibarua wakati kazi nyingine zimekwisha, na akanunua mashamba ambayo wenyewe walishindwa kuendelea nayo.

Hapa simulizi ya ushujaa inahitaji kusomwa kwa macho mawili. Janga lililowafilisi majirani ndilo lililopanua mipaka yake. Kuta zinazosifiwa zilijengwa na vibarua maskini, wengi wao wahamiaji kutoka Galicia nchini Uhispania, ambao majina yao hayakuandikwa kwenye chupa yoyote. Pamoja na hayo, fedha zake hazikuhamia kwingine. Alizirudisha kwenye mlima uleule, katika kuta, mizabibu na misaada kwa hospitali na watu wasiojiweza, na ndiyo sababu maskini wa Régua walimlilia kama mama.

Shamba la uzeeni

Mwaka 1877, akiwa na miaka kama 66, umri ambao wengi huanza kugawa mali, alinunua kutoka serikali ya mtaa ya Vila Nova de Foz Côa eneo kubwa la pori, juu zaidi bondeni, karibu na mpaka wa Uhispania. Mahali hapo paliitwa Vale Meão. Hapakuwa na mzabibu hata mmoja, na filoksera ilikuwa ikiendelea kuteketeza mashamba yaliyokuwapo.

Uamuzi huo haukuwa wa pupa. Reli ya bonde la Douro ilikuwa ikijengwa. Ilifika Régua mwaka 1879 na kituo cha Pocinho, jirani na Vale Meão, mwaka 1887. Eneo ambalo kwa mashua lilikuwa mbali na la hatari lingekuwa karibu na soko. Ardhi yenyewe haikuwa na mteremko mkali kama ya chini ya mto, na hapo angeweza kupanga shamba zima kuanzia mwanzo badala ya kurithi makosa ya waliotangulia.

Torres alifariki dunia mwaka 1880. Akiwa mjane kwa mara ya pili, Dona Antónia aliendelea na ujenzi: mizabibu, maghala, nyumba na mabirika ya kukanyagia zabibu. Kazi hiyo ilimchukua takriban muda wote uliobaki wa uhai wake. Mavuno yaliyokomaa ya Vale Meão aliyaonja kwa miaka michache tu.

Kilichobaki mlimani

Baada ya kifo chake warithi waliunda kampuni ili mali isisambaratike kwa kugawanywa. Iliendelea kuwa ya ukoo hadi mwaka 1987, iliponunuliwa na kampuni ya Sogrape, nayo pia ya familia ya Kireno. Zabibu za Vale Meão zilikuwa msingi wa mvinyo uitwao Barca Velha, uliotengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1952. Huo haukuwa mvinyo mtamu wa Porto bali mvinyo mwekundu mkavu, nao ulionyesha kwamba milima ya Douro inaweza kutoa mvinyo bora usiochanganywa na brandi. Jambo hilohilo Forrester alilipigania karne moja kabla, na wengi wakamcheka.

Mwaka 2001 shirika la UNESCO liliiingiza sehemu ya bonde la Douro ya juu katika orodha ya urithi wa dunia. Kilichotambuliwa ni mandhari iliyotengenezwa na binadamu: matuta, kuta, njia, nyumba na mizabibu iliyounganika na mto. Watalii hupita leo kwa meli mbele ya Valeira, ambako maji yametulizwa na mabwawa yaliyojengwa katika karne ya 20.

Vesúvio na mashamba mengine mengi yamepita mikononi mwa wamiliki wengine. Vale Meão, shamba aliloanzisha akiwa na mvi na ambalo halikuweza kumtajirisha yeye mwenyewe, lingali linaendeshwa na wazao wake. Kila Septemba vichala vyake hukatwa, na sehemu ya zabibu hizo hukanyagwa kwa miguu katika mabirika ya mawe.